Mitokondria katika afya na ugonjwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi tena na tena. Huulizwa na wanafunzi wa biolojia, na wazazi ambao mtoto wao amepewa jina la ugonjwa wasiowahi kulisikia, na watu waliokutana na tangazo la vidonge vya kuzipa seli nguvu. Yameanza na ya msingi na kumalizia na yale magumu. Jambo moja linapita karibu katika kila jibu, na anayelishika mapema atayaelewa mengine kwa urahisi: seli haina mitokondria moja, ina umati wa mitokondria. Afya hutegemea ni ngapi katika umati huo zinazofanya kazi, na zimo katika kiungo gani.

## Misingi

1. Mitokondria ni nini, na ziko wapi?

Ni sehemu ndogo zilizomo ndani ya seli, kila moja ikiwa na unene wa takriban nusu mikromita hadi mikromita moja. Zina tando mbili. Utando wa nje ni laini. Wa ndani umekunjamana sana, na mikunjo hiyo huongeza nafasi ya kupanga protini zinazozalisha nishati. Katikati kabisa mna uji mzito wa vimeng'enya, ribosomu (mashine ndogo za kutengeneza protini) na nakala za DNA ambayo ni ya mitokondria wenyewe.

Vitabu vya shule huzichora zikiwa zimetulia, kila moja peke yake. Ndani ya seli hai hazitulii. Zinaungana kuwa nyuzi ndefu, zinagawanyika, zinasafirishwa hadi pale nishati inapohitajika, na zilizochakaa huvunjwa. Seli moja ya ini huwa na mitokondria kati ya 1,000 na 2,000. Katika misuli ya moyo zinachukua karibu theluthi ya ujazo wa seli. Seli nyekundu za damu zilizokomaa hazina hata moja.

2. Zinazalishaje nishati?

Chakula kikishameng'enywa, glukosi na mafuta huvunjwavunjwa hadi kuwa vipande vidogo vinavyoingia katika mzunguko wa Krebs, uliopewa jina la Hans Krebs aliyeueleza mwaka 1937. Mzunguko huo hunyofoa elektroni kutoka kwenye vipande hivyo na kuzikabidhi kwa msururu wa protini uliopachikwa katika utando wa ndani. Elektroni hupita kutoka protini moja hadi nyingine, na mwishoni hupokewa na oksijeni, ambayo hugeuka kuwa maji. Tunavuta pumzi kwa ajili ya hatua hiyo ya mwisho zaidi ya kitu kingine chochote.

Elektroni zinapopita, nguvu yake hutumika kusukuma protoni hadi upande wa pili wa utando. Protoni hurundikana huko na kutafuta njia ya kurudi. Njia hiyo ni kimeng'enya kinachoitwa ATP sinthesi, kinachotengeneza ATP, kemikali inayobeba nishati ya kuendesha kazi za seli: protoni zikipita ndani yake, sehemu yake huzunguka kwelikweli, na kila mzunguko mmoja hutoa molekuli tatu za ATP. Peter Mitchell alitoa wazo la protoni mwaka 1961, wengi wakalipinga, na mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Paul Boyer na John Walker walipata tuzo hiyo mwaka 1997 kwa kueleza namna kimeng'enya chenyewe kinavyofanya kazi.

Molekuli moja ya glukosi ikivunjwa bila oksijeni hutoa ATP 2 tu. Ikipita kwenye mitokondria hutoa takriban 30. Mwili hauweki akiba kubwa ya ATP. Huitumia na kuifanya upya mfululizo, kiasi kwamba ATP inayotengenezwa kwa siku moja inakaribia uzito wa mwili wenyewe.

3. Je, kazi yake ni nishati tu?

Hapana, na hili linastahili kusisitizwa kwa sababu hufundishwa kwa haraka mno. Mitokondria huhifadhi na kuachia kalsiamu, na hivyo hushiriki katika mawasiliano ya neva na misuli. Hatua za kwanza na za mwisho za kutengeneza hemu, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, hufanyika humo. Homoni za steroidi, zikiwemo za uzazi, huanzia humo. Katika mafuta ya kahawia, ambayo watoto wachanga wanayo kwa wingi, protini iitwayo UCP1 huruhusu protoni zirudi bila kutengeneza ATP, na nguvu yote hutoka kama joto.

Tena, mitokondria ndizo huamua lini seli ife. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba saitokromu c, protini iliyozoeleka katika msururu wa elektroni, ikivuja kutoka kwenye mitokondria huanzisha kifo cha kupangwa cha seli. Protini hiyohiyo inayosaidia seli kuishi ndiyo inayotoa amri ya kuiua. Bila kifo cha namna hiyo vidole vya kijusi visingetengana, na seli zilizoharibika zingebaki mwilini.

4. Je, mimea nayo ina mitokondria?

Ndiyo. Kloroplasti hutengeneza sukari kwa kutumia mwanga, lakini mmea huivunja sukari hiyo kwa mitokondria kama sisi, usiku na mchana. Kuvu na wadudu pia wanazo. Bakteria hawana.

5. Kwa nini zina DNA yake wakati kiini cha seli kina DNA tayari?

Kwa sababu asili yake ni bakteria. Zaidi ya miaka bilioni moja na nusu iliyopita, bakteria aliyeweza kutumia oksijeni aliingia ndani ya seli nyingine na hakumeng'enywa. Wakaishi pamoja, na kizazi baada ya kizazi jeni nyingi za mgeni zikahamia kwenye kiini cha mwenyeji. Lynn Margulis aliitetea hoja hii katika makala ya mwaka 1967, baada ya majarida kadhaa kuikataa. Leo ushahidi wake ni mwingi: DNA ya mitokondria ni ya mviringo kama ya bakteria, ribosomu zake zinafanana na za bakteria, na hujigawa kwa kukatika katikati.

DNA iliyobaki kwa binadamu ni fupi sana. Ina herufi 16,569, zilizosomwa zote kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na jeni 37. Kati ya hizo, 13 ni za protini, 22 ni za RNA safirishi na 2 ni za RNA ya ribosomu. Ila mitokondria huhitaji protini zaidi ya 1,000. Karibu zote huandikwa kwenye kiini cha seli, hutengenezwa nje, kisha huingizwa ndani. Kumbuka jambo hili. Bila hilo jibu la swali la 7 halitaeleweka.

## Urithi

6. Ni kweli tunazirithi kwa mama peke yake?

DNA ya mitokondria, ndiyo. Yai huwa na zaidi ya nakala 100,000 za DNA hiyo, na mbegu ya kiume ina mitokondria makumi tu. Hata hizo chache zikiingia kwenye yai hutiwa alama na kuharibiwa. Kwa hiyo mama huwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, lakini ni mabinti tu watakaoendelea kuirithisha.

Kisa kimoja kinajulikana sana: mwaka 2002 madaktari wa Denmark walieleza habari za mwanamume mwenye ugonjwa wa misuli, ambaye sehemu kubwa ya DNA ya mitokondria katika misuli yake ilikuwa ya baba. Visa vya namna hiyo ni adimu mno. Ripoti nyingine zilizofuata zimepingwa, kwa kuwa vipande vya kale vya DNA ya mitokondria vilivyojipachika kwenye kiini cha seli vinaweza kumpotosha mpimaji. Kwa ushauri wa uzazi, kanuni inabaki ileile.

7. Basi kila ugonjwa wa mitokondria unatoka kwa mama?

La hasha. Kosa hili limewaumiza wanawake wengi bila sababu. Kama ilivyoelezwa katika swali la 5, karibu protini zote za mitokondria huandikwa kwenye kiini cha seli, na jeni za kiini hutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa watoto wadogo, magonjwa mengi ya mitokondria husababishwa na jeni za kiini. Mara nyingi baba na mama kila mmoja amebeba nakala moja yenye kasoro pasipo kuugua, na mtoto akazipata zote mbili. Katika hali hiyo uwezekano ni mmoja kati ya wanne kwa kila mimba.

Wakati mwingine kasoro hutokea upya kwa mtoto na haimo kwa mzazi yeyote. Aghalabu ndivyo ilivyo pale kipande kikubwa kimoja cha DNA ya mitokondria kinapokosekana. Kabla ya yeyote kunyooshewa kidole, kipimo cha vinasaba kifanyike. Hata kipimo kikionyesha kwamba kasoro ilitoka kwa mama, mama hakufanya lolote kuisababisha.

8. Ndugu wawili wa tumbo moja wana kasoro ileile. Kwa nini mmoja ni mgonjwa sana na mwingine hana dalili?

Jibu limo katika uwiano. Seli ina mamia au maelfu ya nakala za DNA ya mitokondria, na si lazima zote ziwe na kasoro. Mtu anaweza kuwa na asilimia 20 ya nakala mbovu na 80 nzima, au kinyume chake. Zile nzima hufidia mbovu hadi kufikia kizingiti fulani, na kizingiti hicho mara nyingi kipo kati ya asilimia 60 na 90 kutegemea aina ya kasoro na aina ya seli. Chini ya hapo mtu huishi bila kujua. Juu yake, seli huanza kuishiwa nguvu.

Uwiano huo hubadilika sana kati ya mama na mtoto. Mayai ya mwanamke hutengenezwa yeye akiwa bado tumboni mwa mama yake, na katika hatua za mwanzo idadi ya nakala zinazoingia katika kila seli tangulizi ya yai hupungua mno kabla ya kuongezeka tena. Chukua gunia la maharage meupe yaliyochanganyika na mekundu kidogo. Ukichota kwa mikono miwili, mchoto wako utafanana na gunia. Ukichota kwa ncha za vidole, unaweza kutoka na mekundu matupu, au usipate hata moja. Hivyo ndivyo mama mwenye asilimia 30 anavyoweza kumzaa mtoto mwenye 5 na mwingine mwenye 85.

Hayaishii kwenye kuzaliwa. Seli zinapogawanyika, nakala hugawanywa kwa bahati, kwa hiyo uwiano ndani ya mtu mmoja hutofautiana kati ya damu, misuli, figo na ubongo, na hubadilika kadiri umri unavyosogea. Kwa sababu hii daktari makini hataahidi mengi kwa kutazama namba moja ya kipimo cha damu.

9. "Eva wa mitokondria" ni nani?

Ni mwanamke wa kale ambaye DNA ya mitokondria ya watu wote walio hai leo inaishia kwake ukifuata ukoo wa mama. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walilinganisha DNA hiyo kutoka kwa watu 147 na kukadiria kwamba aliishi Afrika, takriban miaka 200,000 iliyopita. Hakuwa mwanamke pekee wa zama zake. Wengine walizaa pia, lakini mahali fulani ukoo wao ulifikia kizazi kisicho na binti.

## Magonjwa ya mitokondria

10. Dalili zake ni zipi?

Hakuna dalili moja, na ndiyo maana familia nyingi huzunguka miaka mingi bila jibu. Viungo vinavyotumia nishati nyingi huumia kwanza: ubongo, macho, masikio, misuli, moyo, ini na figo. Mtu anaweza kuwa na kope zinazolegea, kuishiwa nguvu upesi anapotembea, kifafa, kupoteza uwezo wa kusikia, kisukari bila unene, moyo uliopanuka, kimo kifupi, au kipandauso kikali. Mtoto anaweza kupoteza stadi alizokwisha kujifunza, hasa baada ya homa.

Kinachopaswa kuamsha shaka ni mchanganyiko. Kisukari ni cha kawaida, na uziwi ni wa kawaida. Kisukari pamoja na uziwi, kwa mtu mwembamba ambaye mama yake alikuwa navyo vyote viwili, si jambo la kawaida. Viungo vitatu visivyohusiana vikiumwa kwa pamoja, mitokondria zifikiriwe. Kwa ujumla magonjwa haya humpata takriban mtu mmoja kati ya 5,000, na yanaweza kuanza katika umri wowote.

11. Ni magonjwa gani yanayotajwa zaidi?

Ugonjwa wa Leigh, ulioelezwa na Denis Leigh mwaka 1951, huwapata hasa watoto wadogo na huharibu sehemu za ndani za ubongo zinazoongoza mwendo na upumuaji. Kasoro katika jeni nyingi tofauti, za mitokondria na za kiini, zinaweza kuuleta.

Upofu wa kurithi wa Leber humpata zaidi kijana wa kiume. Jicho moja hufifia bila maumivu, na la pili hufuata baada ya wiki au miezi. Kasoro tatu tu za DNA ya mitokondria husababisha takriban asilimia 90 ya visa. Mwaka 1988 kasoro moja kati ya hizo ilitambuliwa, na mwaka huohuo watafiti wengine wakagundua vipande vilivyokosekana katika DNA ya wagonjwa wa misuli. Huo ndio mwaka magonjwa haya yalipounganishwa kwa mara ya kwanza na DNA ya mitokondria. Wapo wengi wenye kasoro ya Leber wasiopofuka kamwe, na kuvuta sigara huongeza hatari.

MELAS huleta matukio yanayofanana na kiharusi, ila chanzo si mshipa wa damu ulioziba. Mara nyingi kasoro yake ni badiliko la herufi moja katika nafasi ya 3243. Badiliko hilohilo, likiwa kwa uwiano mdogo zaidi, huweza kuleta kisukari na uziwi tu. Kwa hiyo jina la ugonjwa na jina la kasoro si kitu kimoja.

12. Hupimwaje?

Siku hizi hatua ya kwanza huwa ni kusoma vinasaba, vya mitokondria na vya kiini kwa pamoja. Zamani kipimo kikuu kilikuwa kukata kipande kidogo cha misuli na kukiangalia kwa hadubini. Nyuzi zenye mitokondria nyingi zilizorundikana pembeni huonekana nyekundu na zenye kingo chakavu baada ya kutiwa rangi maalumu. Kipimo hicho bado kina nafasi yake pale vinasaba visipotoa jibu.

Asidi laktiki katika damu hupimwa pia, kwa kuwa seli zisizoweza kutumia mitokondria vizuri huvunja sukari bila oksijeni na kuacha asidi hiyo nyingi. Tahadhari: mtoto anayelia na kujitupa wakati wa kutolewa damu anaweza kuwa na kiwango cha juu bila ugonjwa wowote, na mgonjwa halisi anaweza kuwa na kiwango cha kawaida. Kipimo hiki hakithibitishi wala hakikanushi kikiwa peke yake.

13. Yanatibika?

Mengi hayana tiba ya kuyaondoa, lakini kutokuwa na tiba ya kuondoa si sawa na kutokuwa na la kufanya. Moyo ufuatiliwe kila mara, kwa maana hitilafu ya mapigo inaweza kuua, na kifaa cha kuongoza mapigo kinaweza kuokoa. Kifafa kina dawa, kisukari kina dawa, uziwi una vifaa na upasuaji. Homa itibiwe mapema. Mgonjwa asikae na njaa muda mrefu, hasa kabla ya upasuaji, na wataalamu wa usingizi waambiwe hali yake.

Zipo aina chache ambazo tiba yake ni mahususi. Mtu aliyezaliwa na upungufu wa kutengeneza koenzaimu Q10 anaweza kunufaika sana akipewa kirutubisho hicho mapema. Kwa upofu wa Leber, dawa ya idebenoni ilikubaliwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2015. Hii ni sababu moja ya kutafuta jina kamili la kasoro badala ya kuridhika na jibu la jumla.

14. Mwanamke mwenye kasoro hii anaweza kupata mtoto mzima?

Mara nyingi, ndiyo, ingawa njia hutegemea kasoro yenyewe. Wapo wanaopima kiinitete kabla ya kupandikizwa na kuchagua chenye uwiano mdogo. Wapo wanaotumia yai la mwanamke mwingine.

Njia ya tatu ni kuhamisha kiini cha yai la mama hadi kwenye yai la mfadhili lililoondolewa kiini chake. Mtoto hupata jeni za kiini zipatazo 20,000 kutoka kwa wazazi wake, na jeni 37 za mitokondria kutoka kwa mfadhili. Uingereza iliruhusu njia hii kwa sheria mwaka 2015, na mwaka 2025 timu ya Newcastle ilieleza kuzaliwa kwa watoto wanane. Baadhi yao walikuwa na kiasi kidogo cha DNA ya mitokondria ya mama iliyovuka pamoja na kiini, chini ya viwango vinavyoleta ugonjwa. Watoto hao wanaendelea kufuatiliwa. Kuwaita watoto wa wazazi watatu ni kutia chumvi: sura, kimo na mengi tunayoyaona kwa mtu hutokana na kiini.

## Magonjwa ya kawaida

15. Mitokondria zinahusikaje na ugonjwa wa Parkinson?

Kwa karibu sana. Mwaka 1982 huko California, vijana kadhaa waliojidunga dawa ya kulevya iliyochanganyika na kemikali ya MPTP walikakamaa ghafla wakawa kama wazee wenye Parkinson. Mwili huigeuza MPTP kuwa sumu inayozuia protini ya kwanza katika msururu wa elektroni, na seli zinazokufa ni zilezile za dopamini zinazokufa katika Parkinson ya kawaida. Baadaye ikagunduliwa kwamba jeni mbili za Parkinson ya kurithi, PINK1 na Parkin, kazi yake ni kuzitambua mitokondria zilizochakaa na kuzipeleka kuvunjwa. Hilo halina maana kwamba kila Parkinson ina chanzo hiki kimoja.

16. Na saratani?

Katika miaka ya 1920 Otto Warburg aliona kwamba uvimbe wa saratani huvunja sukari kwa njia isiyohitaji oksijeni hata oksijeni ikiwepo. Alichokiona ni kweli, na vipimo vya picha vinavyotafuta saratani kwa kufuata sukari vinategemea tabia hiyo. Lakini maelezo yake kwamba mitokondria za saratani zimeharibika hayakusimama. Saratani nyingi zina mitokondria zinazofanya kazi na huzihitaji. Zipo chache, kama baadhi ya uvimbe wa figo na wa tezi za adrenali, ambazo kweli huanzia kwenye kasoro ya vimeng'enya vya mzunguko wa Krebs. Usiyaamini madai kwamba kuacha sukari kunaua saratani. Mwili hujitengenezea glukosi yake, na mgonjwa wa saratani anahitaji kula.

17. Tunazeeka kwa sababu mitokondria zinachoka?

Zinachangia. Mwaka 2004 watafiti wa Uswidi walitengeneza panya ambao kimeng'enya chao cha kunakili DNA ya mitokondria hakisahihishi makosa. Panya hao walipata kibyongo, manyoya yao yakanyonyoka, na wakafa mapema. Lakini hawakuonyesha ongezeko kubwa la kemikali za oksijeni zinazosemwa kuwa ndiyo mzizi wa uzee. Pia, majaribio makubwa ya kuwapa watu vidonge vya kupambana na kemikali hizo hayakurefusha maisha. Kwa wavutaji sigara nchini Finland, matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba betakarotini, mojawapo ya vidonge hivyo, iliongeza saratani ya mapafu.

## Dawa, sumu na mazoezi

18. Ni dawa gani zinaweza kudhuru mitokondria?

Kwanza: usiache dawa yoyote kwa sababu ya ulichosoma hapa. Zungumza na aliyekuandikia.

Kundi la kwanza ni antibiotiki zinazolenga ribosomu za bakteria. Kwa kuwa ribosomu za mitokondria zina asili hiyohiyo (tazama swali la 5), baadhi ya dawa hukosea shabaha. Watu wenye badiliko la DNA ya mitokondria katika nafasi ya 1555 wanaweza kupoteza kusikia baada ya sindano za streptomaisini, gentamaisini au kanamaisini, hata kwa dozi ya kawaida, na uziwi huo haurudi nyuma. Kama katika ukoo wa mama kuna mtu aliyepoteza kusikia baada ya sindano, sema hilo kabla hujachomwa. Ni sentensi moja, na inaweza kuokoa masikio ya mtoto. Linezolidi, inayotumika pia kwa kifua kikuu sugu, ikitumiwa muda mrefu inaweza kudhuru neva, hivyo hufuatiliwa kwa karibu.

Dawa ya kifafa ya valproeti ni hatari kwa wenye kasoro katika POLG, jeni ya kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria, kwa sababu inaweza kuangusha ini lao. Mtoto mwenye kifafa kikali kisichoeleweka hupaswa kupimwa jeni hiyo kabla ya kuanzishiwa.

Dawa za zamani za kufubaza virusi vya UKIMWI, hasa stavudini, zilizuia kunakiliwa kwa DNA ya mitokondria. Ndiyo sababu wengi walipata ganzi ya miguu, na mafuta ya uso na miguu yakapungua. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache. Dawa zinazotumika sasa kwa kawaida ni salama zaidi kwa mitokondria, na kuziacha ni hatari iliyo wazi.

19. Sumu gani huzizima?

Sianidi hufunga protini inayokabidhi elektroni kwa oksijeni, kwa hiyo seli hukosa nishati damu ikiwa imejaa oksijeni. Kemikali ya DNP hutoboa njia kwa protoni kurudi bila kuzalisha ATP. Katika miaka ya 1930 iliuzwa kama dawa ya kupunguza unene, watu wakafa kwa joto la mwili, na mwaka 1938 Marekani ikaitangaza kuwa si salama kwa binadamu. Bado inauzwa mtandaoni. Haina dawa ya kuipinga. Usiiguse.

20. Mazoezi huongeza mitokondria?

Ndiyo, na hakuna kidonge kinachokaribia. Mwaka 1967 John Holloszy alionyesha kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa waliongeza takriban maradufu vimeng'enya vya mitokondria katika misuli yao. Kwa binadamu ni vivyo hivyo, hata uzeeni, na kuacha mazoezi hushusha tena. Wagonjwa wengi wa mitokondria nao hunufaika na mazoezi mepesi yanayoongezwa polepole, mradi moyo umepimwa kwanza.

21. Nimechoka kila siku. Je, ni mitokondria? Ninunue virutubisho?

Uchovu wa kudumu una sababu nyingi zilizo za kawaida zaidi: upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari, usingizi mbovu, huzuni, maambukizi. Hizo zipimwe kwanza. Uchovu pekee, bila dalili zilizotajwa katika swali la 10, ni nadra kuwa ugonjwa wa mitokondria. Nje ya upungufu ule wa kuzaliwa nao (swali la 13), hakuna ushahidi thabiti kwamba Q10 humwondolea mtu mzima uchovu, na fedha hiyo ni bora itumike kwenye vipimo.

## Maswali ya pembeni

22. Kuna kiumbe kisicho na mitokondria kabisa?

Miongoni mwa viumbe ambao seli zao zina kiini (bakteria hawamo), yupo mmoja aliyethibitika mwaka 2016, kiumbe cha seli moja wa jenasi *Monocercomonoides*, anayeishi ndani ya utumbo wa wanyama mahali pasipo na oksijeni. Vimelea vya malaria vinazo, na dawa ya atovakuoni hufanya kazi kwa kuzuia msururu wa elektroni wa kimelea bila kugusa sana wa kwetu.

23. Kipimo cha asili ya ukoo kinachouzwa mtandaoni kinaweza kuonyesha kama nina ugonjwa wa mitokondria?

Usikitegemee. Vipimo hivyo husoma sehemu chache za DNA ya mitokondria ili kutambua ukoo wa mama, na tofauti nyingi zinazoripotiwa ni za kawaida zisizo na madhara. Kasoro iliyopo kwa uwiano mdogo huweza kupita bila kuonekana. Zaidi ya hayo, uwiano wa badiliko la nafasi ya 3243 katika damu hushuka kadiri mtu anavyozeeka, hivyo mtu mzima anaweza kupewa jibu safi la damu huku misuli yake ikiwa na kasoro nyingi. Wakimshuku mtu mzima kuwa na badiliko hilo, wataalamu huomba pia sampuli ya mkojo, ambayo huonyesha vizuri zaidi na haihitaji kukatwa misuli.